Tope la Sabaki halizibwi na bwawa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini nami nitoe langu la moyoni. Juzi nimekaa barazani hapa Malindi nangoja kahawa, mzee mmoja mwenye biashara ya watalii akaanza yale yake ya kila siku, ati huu mto Sabaki unatumaliza, kaskazi ikishika tu bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa na wageni hawataki kuoga, basi serikali ingeuziba huko huko juu tope lisishuke, na wenzake wote wakaitikia naam. Nikanyamaza maana ni mkubwa wangu lakini usiku usingizi haukuja.

Tope simkatalii. Kuna hoteli moja zamani maji yakijaa yanafika kwenye ngazi, sisi watoto tunajirusha kutoka pale mpaka askari atufukuze, leo ukishuka ngazi zile zile unakanyaga mchanga, unapita vichaka, unatembea mpaka jasho likutoke ndio uone maji. Na ni kweli kaskazi ndio inatuletea sisi, kusi ikivuma tope linakwenda zake upande wa Ngomeni na Ungwana, sasa bahati mbaya kaskazi ndio msimu wa wageni, kwa hivyo kelele zote ni za miezi hiyo.

Lakini kuziba jamani? Wenzetu saa hii wanazibua. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu mto mmoja wa Marekani jimbo la Washington, unaitwa Elwha, ulikuwa na mabwawa mawili ya umeme, la kwanza lilimalizwa 1913, la pili 1927, na waliojenga hawakuwaachia samaki hata kijinjia cha kupandia. Kule kuna samaki anaitwa salmoni, anazaliwa mtoni, anakulia baharini, halafu anarudi mtoni kutaga, sasa karibu miaka mia anarudi anakuta ukuta. Wenyeji wa pale, Waklallam, ambao samaki huyo ndio maisha yao, wamelia weee. Bunge lao likapitisha sheria 1992, kubomoa kwenyewe kukaanza 2011, kipande cha mwisho kikatoka 2014, na kuurudisha mto ule kumekula zaidi ya dola milioni 300. Hizo si za kujenga, ni za kuondoa!

Mimi hata si samaki walionishika, ni mchanga. Ule ukuta ulikuwa umeukalia mchanga wote, kwa hivyo huku chini mlangoni mwa mto bahari ikawa inakula ufuo pakabaki mawe. Walipobomoa tope likateremka, mto ukachafuka kama Sabaki yetu ya Aprili, na baadae pale mlangoni pakaota ufuo mpya wa mchanga. Yaani sisi tunalia umezidi, wao walilia haupo.

Tena kuna jambo watu wa hoteli hawalijui ama hawataki kulijua. Marehemu baba alikuwa anatega pale mlangoni Sabaki, mvua za bara zikishuka maji yanakuja mekundu na magogo na majani, na hapo ndipo kamba wanapotoka. Mama na shangazi wanakaa uani na karai katikati wanachambua, miiba ya vichwa inawadunga vidole mpaka kesho yake hawawezi kushika pilipili. Maji yakikaa meupe siku nyingi karai linakaa limepinduliwa.

Huko juu mto huu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, na kule Athi bwawa la Thwake lilianza kujengwa 2018, ukuta wa mita 80 kwenda juu. Sipingi, watu wa Makueni na Kitui wana kiu na maji ni haki yao. Ila bwawa halimalizi tope, linalilalia tu, muulize Masinga, bwawa la mto Tana, tangu 1981 tope linamnyang'anya nafasi ya maji. Tope linaanzia shambani, kwa miteremko iliyonyolewa miti na kingo zilizolimwa hadi majini, na dawa yake Wakamba wenyewe wanaijua zamani, ni matuta.

Kwa hivyo ombi langu kwa wakubwa, bwawa lolote la mto huu liwe na ratiba ya kuachia maji mvua zikinyesha, maji ya kweli si ya kutunyamazisha, na litengewe fungu la kulibomoa siku likizeeka, maana wajukuu zetu hawatakuwa na hizo dola.

Na yule mzee wa barazani, Mhariri, kila Ijumaa ananunua kwangu kamba kilo mbili, na wakiadimika mimi ndio nagombezwa.

Mchuuzi wa samaki,
Malindi