Ngoma nayo iandikwe kwenye nota

Mhariri, naomba nafasi niseme na walimu wa kwaya wenzangu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, maana tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia msimamizi wa wanamuziki, ikikaribia kila mtu anakuwa kwenye kutunga.

Wimbo wangu wa Sesilia nimeutungia Bujora, pale Kisesa, sio nyumbani. Kanisa lile wengi mnalijua, la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, kazi ya Padre David Clement aliyetoka Kanada, na huyo padre ndo miaka ya 1950 alianzisha kikundi cha watunzi kikaitwa Bana Sesilia, yaani watoto wa Sesilia, watunge nyimbo za kanisa kwa mahadhi ya Kisukuma. Hebu fikiria, misa bado Kilatini, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule ulioruhusu lugha za wenyeji kwenye misa, ulianza 1962, na watu wa Kisesa tayari wanamwimbia Mungu kwa mahadhi ya kwao! Mimi nikikaa kwenye benchi la kanisa lile najisikia nina deni.

Kiitikio kilinisumbua wiki mbili. Nilikuwa naanza na SE kwenye pigo la kwanza, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza mwalimu huyu Sesilia wa wapi, sisi si tunasema SesiLIa? Kweli kabisa. Nikaisogeza SE na SI kabla ya pigo la kwanza, LI ikadondokea kwenye pigo, wimbo ukaanza kutembea wenyewe.

Sasa ubeti wa tatu. Simulizi la zamani linasema siku ya harusi yake huko Roma vyombo vilikuwa vinapigwa na yeye anamwimbia Mungu moyoni, basi pale nikawafumba midomo kwaya nzima, wanaguna tu mmm taratibu, na ngoma mbili, kubwa na ndogo, zinaendelea kuongea. Mtu akiusikia ubeti ule vizuri anamwona Sesilia amekaa katikati ya kelele za harusi, na kwangu ndo moyo wa wimbo.

Kuna kwaya moja ya mjini wakauomba nikawatumia nota kwa WhatsApp. Siku wanauimba nikaenda, sauti nzuri, tena wamejipanga, ila badala ya ngoma wamewasha biti ya kibodi, ile ile ya nyimbo zote, na ubeti wa tatu wakauruka kwa sababu waliona hauna kitu. Niliumia sana. Lakini nikiangalia karatasi niliyowatumia kuna soprano, alto, teno na besi basi, ngoma haipo, wangejuaje?

Na huo ndo ugonjwa wetu jamani. Tunaandika sauti nne halafu ngoma tunamwachia mzee mmoja aliyeibeba mikononi. Mzee wetu umri umeenda, akiumwa Jumapili moja tu wimbo unabaki nusu. Ni nyimbo ngapi za wale Bana Sesilia tunajua maneno yake lakini mpigo hakuna anayeukumbuka?

Kwa hiyo nilikaa naye nyuma ya kanisa, anapiga polepole kwenye benchi kwa viganja, mimi naandika, mistari miwili chini ya besi, mmoja ngoma kubwa mmoja ndogo, alama ya mkono wazi na alama ya kuziba. Ilituchukua jioni tatu. Wenzangu fanyeni hivyo kabla hamjatuma wimbo popote, na kama kwenu kuna mzee anayejua mipigo ya zamani mrekodini kwa simu, kwanza ngoma peke yake, waimbaji baadaye.

Nilipomaliza mzee akaniuliza mkono wake wa kushoto uko wapi hapo kwenye karatasi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akaanza kupiga tena huku anafuata mstari.

Mwalimu wa kwaya,
Kisesa, Mwanza