Barua kwa vijana wa maskani ya bandarini, Wete: mwacheni yule mama apite

Wajukuu zangu, assalamu alaykum.

Nimeoneshwa video. Aliyenionesha alikuwa akicheka, hata aliponitazama uso akanyamaza. Mmoja wenu kamsimamisha yule mama aliyekuja kutoka Msumbiji, anatoka dukani na mfuko wake wa unga, akamuuliza mbele ya barza nzima: "Hebu tuhadithie, walikufanyeni huko msituni?" Mama kajifunika kwa ushungi akapita. Kabla ya isha video imeshafika Chake na Mkoani, na naambiwa mpaka Oman.

Nimekasirika, wala sifichi.

Mnajua alikotoka? Mocímboa da Praia ni mji wa pwani, jimbo la Cabo Delgado. Kimwani chao ukikisikiliza taratibu maneno mengi utayashika. Mumewe ni mtoto wa hapa hapa Wete, alikwenda dago la uvuvi kusini akaoa huko. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivivamia vituo vya polisi vya mji ule, na tangu hapo jimbo halikutulia. Agosti 2020 wakauteka mji na bandari yake, wakaukalia mwaka mzima mpaka jeshi la Rwanda na la Msumbiji lilipowatoa. Machi 2021 waliingia Palma. Kufika 2022 waliokwisha kuyahama makwao walikuwa karibu watu milioni moja.

Na kila wanapoingia kijijini, wanachukua watu. Wavulana wabebeshwe mizigo na kufundishwa bunduki, wasichana waozwe kwa nguvu. Kwa watu wa kule si jambo geni, maana hata vita vya waasi wa Renamo na serikali, vilivyokwisha 1992, viliteka watoto wakapiganishwa. Bibi alitekwa, na sasa mjukuu.

Ya yule mama nitasema yale tu aliyoniruhusu. Mwanawe mkubwa alichukuliwa. Hajarudi, na hawana habari zake. Yaliyobaki ni yake.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Mtu ambaye mwanawe bado yuko mikononi mwa watekaji hasemi ovyo. Anaogopa sura na jina lake visije vikafika pabaya, wakamtesea mtoto. Na msichana aliyetoroka kutoka kule akirudi kwa watu wake, wapo watakaomwita mke wa magaidi, kana kwamba alikwenda harusini. Kwa hiyo wananyamaza. Kimya kile ndicho kinachowalinda, nanyi mnataka kukivunja ili mpate kitu cha kutazama baada ya mpira! Hata mahakamani shahidi huulizwa kwa adabu. Nani kakupeni nyinyi uhakimu, mmekaa barazani tangu asubuhi, kahawa yenyewe ya kukopa?

Nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa Januari 2001. Waulizeni wazee wenu ilikuwaje baada ya maandamano ya wapinzani wa CUF ya tarehe 27, risasi zilipolia hapa Wete na Micheweni. Watu wetu waliingia mashuani usiku, wake kwa waume, wakavuka kwenda Shimoni, Kenya. Walifika kama elfu mbili. Wengine walipelekwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na wako waliojikuta Somalia. Mimi nilibaki kumuuguza mama yangu, lakini ndugu yangu alikwenda. Watu wa Shimoni walimpa mkeka na uji, na hakuna aliyemshika mkono akamwambia hadithia. Aliporudi, baada ya muafaka wa CUF na CCM wa Oktoba mwaka ule, alikaa miaka bila kusema neno. Siku moja tunachambua karafuu, mwenyewe akaanza. Sikumuuliza lolote, nikaendelea kuchambua mpaka alipomaliza.

Wapemba tuliopokewa hivyo, leo tunamfanyia mgeni hivi? Wala si nyinyi peke yenu. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipiga kelele kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka mto Ruvuma wamerudishwa kutoka Tanzania. Waliotangulia kufunga mlango ni wakubwa, tena wenye mihuri. Wala tusijitoe: miongoni mwa wale wapiganaji wamo Watanzania. Watoto waliolelewa kwa Kiswahili hiki hiki, wakadanganywa kwa jina la dini, wakenda kuchinja Waislamu wenzao na Wakristo. Wazazi mnaosoma hii, mnajua wanenu wanamsikiliza nani kwenye simu usiku?

Mengine ni machache. Habari za karatasi zao ni kazi ya sheha, si yenu. Neno gaidi nisilisikie. Mwenye mashua inayohitaji mtu, mume wake anaijua bahari. Mwenye kitu cha kuwapa apeleke kwa mlango wa nyuma, bila ya kupiga picha.

Aliyerekodi namjua, na babu yake namjua. Aifute, na awaandikie wote aliowatumia nao waifute. Kuomba radhi asiende kwa yule mama, amesumbuliwa vya kutosha. Aende kwa mumewe baada ya alasiri, afuatane na mtu mzima. Na Jumatatu wale watoto wawili wa yule mama wanaanza skuli na chuo. Mtakaa pale pale wanapopita, najua. Waitikieni salamu, na asiwepo wa kuwauliza kaka yao yuko wapi.

Bibi yenu, Wete