Kocha mkuu tumemsifu, benchi lake la ufundi tumelisahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya soka la wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Makala hiyo ilisimulia vizuri mafanikio ya Anson Dorrance katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, lakini kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho haikumtaja hata msaidizi wake mmoja.

Sina ugomvi na sifa alizopewa mzee huyo. Alianza kuinoa timu ya wanawake ya chuo hicho mwaka 1979, na alipostaafu Agosti 2024 alikuwa ameipatia mataji 21 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, mbali na lile la mwaka 1981 lililopatikana kabla NCAA haijaanzisha mashindano ya wanawake. Aliiongoza pia Marekani kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, nchini China mwaka 1991. (Wasomaji wa huku wangefurahi kujua kwamba sehemu ya utoto wake aliishi Nairobi, kwa kuwa baba yake alikuwa katika biashara ya mafuta iliyomhamisha nchi hadi nchi, mwandishi wenu aliliacha hilo pia.) Ninachokipinga ni kuyahesabu mataji yote hayo kuwa kazi ya mtu mmoja, kwa sababu yaliyotokea baada ya yeye kuondoka yanaonyesha vinginevyo.

Dorrance alitangaza kustaafu siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza ya msimu wa 2024. Taji lake la mwisho lilikuwa la mwaka 2012, na katika miaka iliyofuata timu ilifika fainali mara kadhaa ikarudi mikono mitupu. Chuo hakikuwa na muda wa kutafuta kocha kutoka nje, hivyo timu ikakabidhiwa kwa msaidizi wake, Damon Nahas, kwa nafasi ya kukaimu. Mwezi Desemba timu hiyohiyo iliifunga Duke mabao 3-0 katika nusu fainali, kisha ikaifunga Wake Forest 1-0 katika fainali iliyochezwa mjini Cary, na kulirudisha taji Chapel Hill baada ya miaka 12. Muda mfupi baadaye Nahas alithibitishwa kuwa kocha mkuu. Kama nguvu yote ingekuwa kichwani mwa mtu mmoja, timu iliyoondokewa naye mlangoni mwa msimu ingeyumba. Haikuyumba kwa sababu waliobaki ndio waliokuwa wakiifundisha kila siku.

Ukilitazama benchi lile lilivyokuwa likifanya kazi, hilo halishangazi. Bill Palladino, aliyecheza pamoja na Dorrance walipokuwa wanafunzi, alikuwa msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 30. Chris Ducar aliwanoa makipa kwa zaidi ya miaka 20, na juu ya hilo alibeba jukumu la kusaka wachezaji wapya. Mazoezi yenyewe yaliendeshwa kwa mfumo ambao Dorrance aliuchota kwa Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho: kila pambano la mazoezini, liwe la mmoja kwa mmoja, la mbio, la mikwaju au la mipira ya vichwa, huandikwa nani kashinda na nani kashindwa, matokeo yakajumlishwa, na orodha ikabandikwa ili kila msichana aone ni wa ngapi. Mfumo huo umesifiwa mno, lakini ni nadra mtu kuuliza anayeandika ni nani. Kocha mwenye filimbi mdomoni hawezi kusimamia wachezaji zaidi ya 20 wanaopambana wawili wawili na papo hapo akaweka kumbukumbu ya kila pambano. Wanaoandika ni wasaidizi na wanafunzi waliopewa kazi hiyo, wakiwa na karatasi pembeni mwa uwanja, na kesho yake wachezaji huipima nafsi yao kwa karatasi hizo.

Timu ya chuo, tofauti na klabu, ina mambo yanayolifanya benchi kuwa na uzito zaidi. Wachezaji ni wanafunzi, na kanuni za NCAA haziruhusu zaidi ya saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, hivyo dakika ikipotea hairudi. Kila mwaka kuna wanaohitimu na kuondoka, na nafasi zao hujazwa na wasichana wa sekondari ambao makocha hawaruhusiwi kuwasiliana nao mpaka Juni 15 baada ya mwaka wao wa pili wa sekondari. Kabla ya hapo kinachowezekana ni kwenda kuwatazama wakicheza, wikendi baada ya wikendi, na safari nyingi kati ya hizo hufanywa na wasaidizi. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kugawa ufadhili wa masomo unaolingana na nafasi 14 kamili kwa kikosi kizima, mpaka utaratibu huo ulipobadilishwa mwaka 2025. Wakati huo, msaidizi aliyekosea kumpima mshambuliaji mmoja alikuwa amepoteza sehemu ya fungu ambalo halikuwa kubwa.

Halafu kuna magoti. Wanawake wanaocheza soka huchanika ligamenti ya goti mara nyingi kuliko wanaume, angalau mara mbili, na msichana anayeumia hivyo hukaa nje miezi tisa au zaidi katika maisha ya chuo yenye misimu minne tu. Mtaalamu wa viungo anayewafundisha namna ya kutua baada ya kuruka na namna ya kugeuka bila kulipinda goti kuelekea ndani huenda akaichangia timu pointi nyingi kuliko mbinu yoyote ya kocha mkuu. Jina lake hamlioni magazetini.

Benchi pia ndipo makocha wakuu wa kesho wanapopatikana. Margueritte Aozasa alikuwa msaidizi Stanford wakati chuo hicho kilipotwaa mataji ya 2017 na 2019. Alipopewa timu ya chuo kikuu cha UCLA, alilitwaa taji katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2022, na waliofungwa katika fainali hiyo ni North Carolina haohao, waliokuwa mbele kwa mabao 2-0 na kusawazishiwa kwa kona zikiwa zimebaki sekunde 16. Cindy Parlow Cone alicheza Chapel Hill, akawa msaidizi hapohapo, akaipatia klabu ya Portland Thorns ubingwa wa kwanza wa NWSL, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, mwaka 2013, na mwaka 2020 akawa rais wa shirikisho la soka la Marekani. Carla Overbeck, nahodha wa Marekani iliyotwaa Kombe la Dunia la 1999, alianza kuwa msaidizi Duke mwaka 1992, alipokuwa bado anaichezea timu ya taifa, na akaitumikia nafasi hiyo kwa miongo mitatu.

Nimewataja wanawake watatu kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona dosari ya Chapel Hill, na si Chapel Hill peke yake: Dorrance, Nahas, Palladino na Ducar wote ni wanaume. Kabla ya sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani zilifundishwa na wanawake. Sheria ilileta fedha, fedha zikaleta makocha wanaume, na leo kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 40 na ushei. Mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani walimfungulia Dorrance mashtaka wakidai maneno ya udhalilishaji wa kijinsia, na mashauri hayo yaliishia kwa suluhu, la mwisho mwaka 2008. Sitaki kulihukumu jambo ambalo mahakama haikulihukumu. Nasema tu kwamba mchezaji mwenye malalamiko dhidi ya kocha mkuu anahitaji mtu mwingine ndani ya benchi hilohilo, mwenye madaraka ya kweli, ambaye anaweza kumwendea bila hofu, na benchi la mtu mmoja halina mtu huyo.

Huku kwetu benchi la mtu mmoja ndilo la kawaida. Mimi ni mkufunzi wa chuo, na timu yetu ya wasichana inaposafiri kwenda mashindanoni, mwalimu mmoja huwa ndiye kocha, meneja, mtunza fedha na mlezi wa bweni. Mchezaji akianguka, mwalimu huyo huingia uwanjani na chupa ya maji na dawa ya kupulizia, na mechi inapoendelea wachezaji wa akiba hupangiana wenyewe nani anayefuata kuingia. Menejimenti ikiulizwa, jibu ni kwamba hakuna bajeti. Sidai bajeti ya Marekani. Chuo kina muuguzi katika zahanati yake, kina wanafunzi wa elimu ya michezo wanaotafuta pa kufanyia mazoezi ya vitendo, na kina wahitimu wanawake waliowahi kuichezea timu hiyo na wanaoishi jirani. Watu hao wakiandikiwa barua za uteuzi zenye majukumu yaliyotajwa, na si kuombwa msaada asubuhi ya safari, timu itakuwa na benchi.

Kwa dawati lako la michezo, ombi langu ni dogo zaidi. Msimu wa vyuo vya Marekani huanza kila Agosti. Mtakapoandika tena habari za Chapel Hill, au za timu yoyote ya wasichana ya chuo cha hapa nchini, tafadhali mwandishi awataje wasaidizi, kocha wa makipa na mtaalamu wa viungo kwa majina yao na kwa kazi wanayoifanya.

Msomaji wako,
Morogoro