Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wazalishaji wa mbegu za mpunga, Bukavu

Wanachama wapendwa, akina mama na akina baba,

Hesabu za mwaka atawasomea mweka hazina. Mimi nina neno juu ya sufuria moja.

Baada ya mavuno tulileta kutoka Luvungi mchele wa ile mbegu chotara iliyotufurahisha sana shambani, masuke mazito na mashina yasiyolala. Tukaupika hapa Kadutu. Wali ulipopoa, mama mmoja aliuchota kiganjani akatuonyesha: punje nyingine laini zimeshikana, nyingine kavu na ngumu. Wanunuzi nao waliuona hivyo hivyo, na wanachama waliokuwa na magunia wameuza kwa hasara. Imeniuma.

Sababu yake tumeipata. Mbegu chotara ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili wa aina tofauti, ndiyo maana shamba zima hufanana. Punje tunayovuna ni kizazi cha pili, na humo urithi wa baba na wa mama hugawanyika upya. Jeni, yaani kipande cha urithi, iitwayo Wx, kwenye kromosomu ya 6, ndiyo inayoamua zaidi kiasi cha amilosi, ile sehemu ya wanga isiyonata, katika wanga wote. Amilosi ikizidi asilimia 25, wali hukauka na kuwa mgumu ukipoa. Ikishuka chini ya 20, hulainika na kunata. Wazazi wakitofautiana hapo, kila punje huiva kivyake. Harufu nayo vivyo hivyo: mzazi mmoja akinukia na mwenzake hanukii, punje moja tu kati ya nne ndiyo hunukia.

Basi wazazi wote wawili wachaguliwe kwa ubora wa wali, si kwa wingi wa gunia peke yake. Zamani ilibidi kungoja mpunga ukomae, ukobolewe, upikwe. Siku hizi kipande cha jani la mche kinatosha. Kwa harufu, kwa mfano, jeni ya badh2 ya mpunga unaonukia mara nyingi imepungukiwa herufi 8 za DNA, na pengo hilo huonekana maabara. Mche usiofaa hung'olewa ungali kitaluni.

Kamati imekata shauri: hatutagawa tena mbegu chotara ambayo wazazi wake hawajapimwa hivyo. Ninaomba mkutano huu uridhie sehemu ya michango igharamie vipimo.

Majani ya kwanza tutayakata Sange, miche ikifikisha wiki tatu. Wenye vitalu, tafadhali msiwaruhusu watoto wang'oe vibao vya namba.