Dabstepu si mngurumo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nirekebishe maelezo yaliyotolewa na gazeti lako wiki iliyopita, katika makala iliyohusu muziki wa elektroniki, ambako dabstepu ilielezwa kuwa ni muziki wa kelele za mashine na besi inayonguruma, basi. Muziki huu nimeusikiliza kwa miaka mingi na ninaupenda, na naona maelezo ya namna hiyo yanamnyima msomaji kile hasa ambacho angepaswa kukitegea sikio.

Nianze na mdundo. Dabstepu huenda kwa takriban mapigo 140 kwa dakika, kasi ambayo ukimtajia mtu atadhani ni muziki wa kukimbizana. Lakini hebu hesabu moja, mbili, tatu, nne kwa kasi hiyo huku wimbo ukipiga: ngoma nzito ya mguu inaangukia kwenye moja, na ile ngoma kavu yenye mlio wa mpasuko, ambayo katika muziki mwingi wa dansi ingelia kwenye mbili na kwenye nne, hapa inangoja mpaka tatu. Kutoka mpasuko mmoja hadi mwingine zinapita karibu sekunde 1.7, mwili unahisi mapigo 70 ilhali wimbo unahesabiwa kwa 140, na mchezaji anaweza kutikisa kichwa taratibu au kuruka kwa kasi maradufu bila kukosea.

Hata hivyo, mdundo huo peke yake hautoshi kuutambulisha muziki huu. Graimu, muziki wa kughani ulioibuka London katika miaka ileile, nayo huenda kwa mapigo 140, ila uti wa mgongo wake ni sauti ya anayeghani. Trepu ya Atlanta, ambayo ni aina ya hip hop ya Marekani, nayo mara nyingi huuchelewesha mpasuko vivyo hivyo, na hakuna anayeiita dabstepu. Kwa upande mwingine, kazi za awali za kundi la Horsepower Productions, ambazo kila anayeijua historia huzihesabu miongoni mwa chimbuko la dabstepu, bado zilikuwa na mdundo wa kurukaruka wa garaji ya Uingereza, aina ya muziki wa dansi. Kinachoziunganisha na zilizofuata ni besi ya chini kabisa, pamoja na uwazi ulioachwa makusudi kuizunguka.

Besi ninayoizungumzia iko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 60 hivi, na wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo spika ndogo haina uwezo wa kulisukuma. Niliwahi kumsikilizisha mdogo wangu wimbo mmoja kwa simu, akaniambia hasikii kitu isipokuwa vijiti vinavyogongana. Jioni yake niliuweka uleule kwenye spika kubwa. Akasogeza kiganja mbele ya spika, akahisi upepo ukimpiga vidoleni kabla masikio hayajamwambia ni nota gani, akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Katika dabstepu, kazi ambayo kwingine hufanywa na mwimbaji au gitaa mara nyingi hufanywa na nota hizo za chini, na anayezikosa ameukosa wimbo wenyewe.

Uwazi nao una asili yake. Katika miaka ya 1970 huko Jamaika, mafundi mitambo kama King Tubby walichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, wakaondoa sauti za waimbaji, wakabakiza ngoma na besi, kisha wakarusha vipande vya sauti kwenye mwangwi. Huo ndio muziki wa dabu, na ndiyo maana neno hilo limo ndani ya jina la dabstepu.

Vijana wa kusini mwa London waliukuta urithi huo, wakauchanganya na garaji. Duka la santuri la Big Apple huko Croydon lilikuwa kijiwe chao. DJ Hatcha na mtayarishaji wa muziki Skream walifanya kazi humo. Usiku wa dansi wa klabu ulioitwa FWD>> ulianza mwaka 2001, na ule wa DMZ ukafuata Brixton mwaka 2005, nyimbo nyingi zikipigwa kwanza kwenye santuri zilizokatwa nakala moja moja. Januari 2006 mtangazaji Mary Anne Hobbs aliwakusanya ma-DJ wa muziki huu katika kipindi chake cha BBC Radio 1, na hapo wasikilizaji wa mbali wakaanza kulijua jina la dabstepu.

Sasa nije kwenye mngurumo wenyewe. Mlio ule hutengenezwa kwa kichujio cha sauti kinachofunguka na kufungika kwa kufuata wimbi jingine la polepole, na fundi akibadilisha mwendo wa wimbi hilo besi huonekana kama inatafuna maneno. Ni ufundi wa kweli, na Skrillex, mtayarishaji wa Marekani aliyetwaa tuzo za Grammy mwaka 2012, aliupeleka mbali sana. Sikubaliani na wanaosema nyimbo zake si dabstepu. Ni tawi lake. Lakini albamu ya mwaka 2007 ya Burial, mtayarishaji wa London, haitegemei mngurumo huo hata kidogo, imejaa mvumo wa mvua na sauti za watu zilizokatwakatwa, na hakuna orodha ya maana ya dabstepu inayoiacha. Mkiufanya mngurumo kuwa kipimo, mtakuwa mmeitoa nje albamu hiyo pamoja na sehemu kubwa ya nyimbo za miaka mitano ya mwanzo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba gazeti lichapishe maelezo mapya yatakayotaja besi ya chini, uwazi uliotoka kwenye dabu, mapigo 140 yenye mpasuko kwenye tatu, na Croydon. Na mkimpendekezea msomaji wimbo wa kuanzia, tafadhali mwambieni asiusikilize kwa spika ya simu.

Msomaji wako wa siku nyingi