Risala ya Klabu ya Seli ya Wanafunzi wa Tiba ya Wanyama kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa, na tunakushukuru kwa kufika wewe mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, jambo ambalo hatukulizoea.

Klabu hii ilizaliwa darasani, tulipofundishwa kuwa mwaka 2006, huko Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliingiza jeni nne katika seli za panya zikarudi kuwa seli shina, zenye uwezo wa kugeuka moyo, neva au mfupa. Mwaka 2010 watafiti wa huko huko wakatangaza kuwa wameweza kwa seli za mbwa. Mbwa huugua kisukari, moyo na misuli kama sisi, hivyo tiba yake haimfai yeye peke yake.

Tangu hapo tumepiga hatua kubwa. Tuna katiba, tuna mhuri, tuna fulana. Tumeotesha seli za ngozi ya sikio za mbwa walioletwa kuhasiwa, na kwenye darubini seli hizo zikaonekana ndefu na nyembamba kama za vitabuni. Jeni bado hatujaingiza, lakini hatua ya kwanza imekamilika, au tuseme imekaribia.

Kinachotukwamisha ni umeme. Seli hizi zinataka nyuzi joto 37 na asilimia 5 ya kabonidayoksaidi usiku na mchana, na kuzigeuza huchukua wiki kadhaa. Umeme wetu wiki moja haumalizi. Ukikatika usiku inkubeta, yaani kabati la kutunzia seli katika joto, inapoa. Asubuhi tunakuta seli zimebanduka zinaelea, na tunamwaga kioevu cha kuoteshea kinachoagizwa nje kwa bei ya kutisha. Tumewahi kuifunika inkubeta kwa mablanketi ya bweni. Mwalimu hakufurahi, seli nazo hazikupona.

Mheshimiwa, ombi la jenereta si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunayemheshimu sana, aliahidi "kabla ya mwezi kwisha", mwezi hakuutaja. Aliyemfuata alitukabidhi hundi ya mfano, ya kadibodi, mbele ya kamera. Ingalipo, imetundikwa juu ya inkubeta. Tumekwishashukuru mara mbili kwa jenereta ambayo hatujaiona. Safari hii tungependa kushukuru ikiwa inanguruma.

Kibanda chake tumejenga kwa michango yetu, na waya umeshavutwa hadi maabara. Tunaomba jenereta ya kujiwasha yenyewe, hata iliyotumika. Ankara kifani imeambatanishwa na nakala yako, na muuzaji mwenyewe yumo ukumbini, amekaa karibu na mlango.

Tunaomba kuwasilisha.