Sekunde tano tu, dada yangu

Kisumu,
Jumamosi jioni.

Kwako dada yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Najua nyinyi wa Nakuru bado mmevaa sweta. Umesema Gredi ya 7 yako ukiuliza swali inakutazama tu, na mkono unaoinuka ni wa mtoto yule yule wa dawati la mbele. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mwaka jana darasa kama hilo lilikuwa langu.

Na kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nauliza na kujijibu kabla mtoto hajameza mate. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza alichokisikia katika kanda za vipindi vya sayansi: walimu walingoja jibu kama sekunde 1 tu. Walipojikaza wakafikisha 3, majibu yalirefuka, na wanyamavu nao wakaanza kuchangia. Sasa nikishauliza nahesabu hadi tano kimoyomoyo, chaki nimeishika kwa mikono miwili. Kimya hicho kinatesa, nakuambia! Wiki ya kwanza nilishindwa kila siku.

Kabla ya kujibu, nawapa dakika mbili wanong'onezane na jirani, kwa lugha yoyote. Mwenzetu mmoja majilisini alinikunjia uso. Lakini kumbuka sisi tulivyovishwa diski shingoni, kile kibao cha aibu, kwa neno moja la lugha ya mama. Mimi nadhani hapo ndipo tulipojua kwamba asiyesema hakosi.

Juzi nikauliza: kwa nini omena huvuliwa usiku kwa taa? Nikaanza kuhesabu. Kwenye nne, msichana wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake niliijua wakati wa kuitika jina tu, akasema kwao Dunga wavuvi hawaendi dwe ikiwa kubwa. Darasa likaangua kicheko kwa hiyo "dwe". Nikaiandika ubaoni, nikaandika "mwezi" kando yake, nikawageuzia wenzake: mbalamwezi inaiharibiaje taa kazi? Wakabishana! Mmoja akasema mwanga ukiwa umetapakaa ziwa zima, samaki aifuate taa ya nini? Andalio la somo nililiacha pale pale, sikufika hata nusu.

Vijiti vya majina, vile vya kuchomoa kimoja ili mwenye jina ajibu, usivikimbilie. Nilivijaribu, mtoto mmoja alilia jina lake lilipotoka. Siku hizi ruhusa ipo ya kusema "napita", ila aliyepita lazima nitarudi kwake kabla kengele haijalia. Na yule wako wa mbele mpe chaki aandike majibu ya wenzake ubaoni. Wangu hana tena mkono wa kuinua.

Jaribu Jumatatu, kisha uniambie ukweli umefika sekunde ngapi. Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi dadako,
wa Kondele.